Kisumu–Nairobi kwa ndege: kilomita 280, na kwa nini tiketi huandika karibu dakika 50

Ndugu umeuliza mbona tovuti ya kupigia hesabu safari za ndege inakupa dakika 21 ilhali tiketi yako inasema 50. Panga safari yako kwa muda wa tiketi. Ule wa tovuti hakuna ndege inayoufikia.

Umbali wenyewe tovuti imeupata sawasawa, na hata wewe unaweza kuuhakiki kwa kalamu. Huku kwetu ikweta inapita hapo Maseno, na karibu na ikweta digrii moja ni takriban kilomita 111, iwe unaelekea kaskazini au mashariki. Uwanja wa Kisumu uko digrii 0.09 kusini, 34.73 mashariki, na ule wa Jomo Kenyatta, Nairobi, uko 1.32 kusini, 36.93 mashariki. Tofauti ni 1.23 na 2.20, yaani kilomita 137 na 244. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: kilomita 280, au maili 151 za baharini wanazotumia marubani. Usiipeleke hesabu hii Ulaya, kwa maana huko digrii za mashariki-magharibi zimeshabanana.

Kosa liko kwenye muda. Tovuti imegawanya 280 kwa kasi ya kilomita 800 kwa saa, kana kwamba ndege inaanza na kumaliza safari kwa kasi hiyo. Ndege ya propela kama Dash 8-400 hufikia kama 650 tu, tena baada ya kupanda. Kushuka nako kunaanza mapema: kanuni ya marubani ni maili 3 za baharini kwa kila futi 1,000. Kutoka futi 20,000 hadi Nairobi, iliyo futi 5,330, unahitaji maili 44, karibu kilomita 82, kwa hiyo ndege huanza kushuka kabla ya kuupita Mlima Longonot. Ndiyo maana hata jeti haiokoi dakika nyingi hapa. Hewani ni kama dakika 35. Zilizobaki ni za kutembea ardhini, kwani tiketi huhesabu tangu ndege inapoondoka ilipoegeshwa hadi inapoegeshwa tena.

Ndege za alasiri ndizo hucheleweshwa zaidi. Upepo wa ziwani ukivuma Kisumu, ndege huruka ikielekea ziwani kisha igeuke, na mawingu ya radi juu ya Nandi na Kericho huilazimu kuzunguka. Jomo Kenyatta nako barabara ya kurukia ni moja, foleni ni ya kawaida. Asubuhi radi huwa chache, ila mawingu mazito ya Nairobi, hasa Julai na Agosti, huweza kuzuia kutua.

Kabla ya kulipa, angalia tiketi imeandikwa NBO au WIL. NBO ni Jomo Kenyatta. WIL ni Wilson, uwanja mwingine wa Nairobi, kama kilomita 270 kutoka Kisumu. Ukiwa unaunganisha ndege ya nje, chagua NBO. Ukitua Wilson itabidi uvuke jiji kwa gari, na saa za jioni msongamano wa Nairobi unaweza kukugharimu muda mrefu kuliko safari yenyewe ya ndege.