Mjomba anasema treni zilipita vituo bila kusimama

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mjomba wangu alisoma Ujerumani Mashariki enzi za Mwalimu, anasema Berlin kulikuwa na treni za chini ya ardhi za Magharibi zinapita chini ya Mashariki bila kusimama. Ni kweli au anatupiga fiksi? – Msomaji, Temeke

JIBU: Mjomba yuko sahihi kabisa, mpeni heshima yake. Zile njia zilichimbwa mji ukiwa bado mmoja, sasa Ukuta wa Berlin ulipoanza kujengwa Agosti 13, 1961 juu wakafunga mitaa lakini huko chini mahandaki yalishapita kitambo, njia za treni za U6 na U8 zinatoka Magharibi, zinapita chini ya Mashariki halafu zinaibukia tena Magharibi. Wakakubaliana treni zipite na Magharibi iilipe Mashariki. Yaani chukulia mwendokasi ya Kimara ikifika Magomeni inapunguza spidi, vituo vinavyofuata ngazi zimezibwa, taa hafifu, askari wanachungulia kwenye vitundu, na wewe huruhusiwi kushuka. Ramani za Mashariki hata hazikuvionyesha vituo hivyo vya Berlin.

Kituo kilichobaki wazi huko chini ni kimoja, Friedrichstraße, na hicho ndo kinaniumiza kuliko vyote. Kilikuwa kwenye ardhi ya Mashariki lakini mtu wa Magharibi anashuka U6, anapanda treni nyingine bila kukaguliwa pasipoti, anapitia kioski cha Intershop, duka la serikali ya Mashariki, palepale jukwaani kununua sigara na pombe za bei chee kwa hela ya Magharibi. Na jengo hilohilo, upande wa pili wa ukuta wa chuma, mtu wa Mashariki anasubiri treni yake ya kwenda kazini, anasikia ile nyingine ikifunga breki ila hawezi kuiona. Mwaka 1962 wakajenga pembeni ukumbi wa kuondokea, ndugu waliokuja kutembea wanaagana hapo, anayebaki anaishia mlangoni. Watu wakauita Tränenpalast, kasri la machozi, na kwa kweli vilio vilikuwepo, maana bibi mstaafu angeweza kupewa ruhusa ya kwenda lakini binti yake hapana.

Ukuta ulifunguka Novemba 9, 1989, na siku mbili tu baadaye kituo cha Jannowitzbrücke kikafunguliwa, cha kwanza. Vingi vikafuata Julai 1990, ila treni za Potsdamer Platz zilisubiri mpaka Machi 1992. Ule ukumbi wa machozi sasa ni makumbusho, kuingia bure, na kituo cha Nordbahnhof wameweka maonyesho ya vituo vilivyofungwa.