Kukwama katika Mkanda wa Manda

Salaam, ndugu yangu. Umeeleza kwamba mashua yako imekwama mara mbili katika Mkanda, mlangobahari mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, ukitoka Lamu kwenda Pate, na unauliza kama kasoro ni ya injini, na pia wapi pa kulala njiani. Kabla ya kuigusa injini, angalia mwezi. Unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya bamvua hujaa sana na kutoka sana, na tofauti yake hufikia takriban mita 3. Mimi huingia ikiwa imebaki saa moja au mbili maji yajae kabisa, kwa sababu nikigusa tope maji yanayopanda huniinua, ilhali anayekwama maji yakitoka hana budi kungoja saa nyingi kando ya mikoko, na mbu wa pale hawana huruma. Upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua, uwe mkononi, kwani tope laini huonyesha dalili kwenye ncha yake kabla usukani haujawa mzito.

Kuhusu pa kulala, hori la Takwa, mkono wa bahari unaoingia kisiwani Manda, limetulia hata kusi inapovuma, lakini usitie nanga ndani kabisa, maana maji yakipwa mashua italala ubavu. Pima kina, ongeza maji yatakayopanda usiku, kisha legeza kamba mara 5 ya jumla hiyo. Kisiwa cha Kiwayu nimepita mchana tu. Kuhusu kulala huko, waulize manahodha wa Faza, kisiwani Pate.