Tairi la 28 kukataa rimu ya 28

Ndugu uliyeuliza kwa nini tairi jipya la 28 linacheza kwenye rimu yako ya 28, tairi ulilonunua si bovu, na fundi hajakosea kulifunga. Tatizo ni hiyo "28": inabeba zaidi ya saizi moja. Tairi la 28 x 1½, lile la baiskeli nyeusi za mzigo kama Phoenix, hukaa kwenye rimu ya milimita 635. Rimu ya baiskeli yako ya mtumba imeandikwa 622, ndiyo maana tairi linacheza. Tafadhali usiipande baiskeli hivyo, tairi litachomoka njiani! Soma ubavuni mwa lile la zamani, utakuta tarakimu ndogo ndogo kama 37-622: ya kwanza upana wa tairi, ya pili kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa, zote kwa milimita. Kipenyo lazima kilingane kabisa. Upana ukizidi kidogo si neno, mradi tairi lisiguse fremu. Tyubu usinunue nyingine.