Jibu: The Smiths wananishinda, wenzangu mnasikia nini?

Salaam ndugu. Nimekuelewa: umesikiliza mara mbili albamu ya kwanza ya The Smiths, bendi ya roki ya Uingereza, iliyotoka 1984, sauti ya mwimbaji wao Morrissey imekuchosha, na unajiuliza wanaoisifu bendi hii wanasikia nini.

Kwanza angalia umeanzia wapi. Hata mimi nilikwama kwenye albamu hiyohiyo. Imepoa mno, kama chai iliyosahauliwa mezani. Iweke kando, tafuta Hatful of Hollow iliyotoka mwishoni mwa mwaka huohuo. Ni mkusanyiko wa singo na rekodi walizopiga kwa ajili ya vipindi vya redio ya BBC. Humo utakuta nyimbo kadhaa zilezile, ila sasa zina damu.

Halafu mwache mwimbaji, fuata gitaa. Mpiga gitaa wao, Johnny Marr, si mtu wa solo ndefu za kujionyesha; anadonoa nyuzi mfululizo, gitaa juu ya gitaa. Kama masikio yako yamelelewa na rumba, wimbo wa This Charming Man hautakusumbua. Ukirudia, fuata besi ya Andy Rourke kwenye wimbo wa Barbarism Begins at Home. Hapo hata miguu inakubali.

Wanaosema bendi ilikuwa Morrissey tu siwaelewi kabisa. Marr aliondoka 1987, na bendi ikafa mwaka uleule.

Ukishazoea, nenda kwenye albamu ya The Queen Is Dead ya 1986. Sauti ikikukera hata hapo, sina dawa. Mke wangu mpaka leo hutoka sebuleni nikiiweka.