Slaidi nyeusi safi inaweza kuficha mgonjwa

SWALI: Mimi ni mteknolojia wa maabara katika kituo cha afya. Tangu tupate hadubini ya LED, yenye taa inayofanya vimelea vilivyopakwa rangi ving'ae, slaidi zangu za makohozi za kupima kifua kikuu zinatoka nyeusi kabisa, hazina uchafu, nami nikaamini hiyo ndiyo rangi nzuri. Msimamizi alipokuja kukagua aliandika kwenye fomu "rangi hafifu". Kosa liko wapi? Na slaidi isiyo na vimelea, ubora wake wa rangi naupimaje?

JIBU: Nashukuru hukuinyamazia hiyo fomu, ndugu yangu. Nashuku kosa liko kwenye huo weusi wenyewe.

Auramini ndiyo rangi inayofanya vimelea vya kifua kikuu ving'ae kijani-njano. Pamanganeti ya potasiamu kazi yake ni kufifisha mng'ao wa vitu vingine vyote, lakini haijui kuchagua. Ukiiacha dakika moja, inazima makamasi na chembe za mwili. Ukiiacha dakika tatu au nne, inaanza kuzima na vimelea. Mimi yamenikuta. Niliwahi kuitwa mapokezi slaidi zikiwa kwenye pamanganeti, nikarudi nimechelewa, nikaziosha na kuzisoma. Zilipendeza, nyeusi tii, na zote hazikuwa na kitu. Kilichonishtua ni slaidi ya udhibiti, ambayo nilijua ina vimelea: vilikuwepo, lakini kama nyuzi za kijivu ambazo ukipepesa macho unazipoteza. Nilirudia kundi zima.

Slaidi nzuri haiwi na giza tupu. Weka lensi ya 20 au 40, kisha utazame kilicho nyuma kabla hujatafuta vimelea. Unatakiwa kuona kwa mbali maumbo hafifu ya chembe nyeupe na makamasi, ya kutosha kukuonyesha kwamba lensi imetua kwenye sampuli. Usipoyaona, huna pa kulengea, na unaweza kupitisha mstari mzima lensi ikiwa imelenga juu zaidi ya sampuli, bila kujua. Hilo ndilo jibu la swali lako la pili: hata slaidi isiyo na kimelea hata kimoja inajieleza kwa hali ya nyuma yake.

Kinyume chake kipo pia. Nyuma kukiwa na kijani kilichotapakaa, mara nyingi asidi-alkoholi, inayoondoa auramini kwenye vitu visivyo vimelea, haikukaa vya kutosha au sampuli imepakwa nene mno. Unene upime kabla ya kupaka rangi: slaidi ikishakauka, iweke juu ya gazeti. Maandishi yasomeke.

Slaidi ya udhibiti iwe ya 1+, yaani yenye vimelea si vingi. Wengi huweka ya 3+, yenye vimelea vingi sana, na hiyo itang'aa hata rangi ikiwa mbovu, kwa hiyo haikuonyi chochote. Unaowapoteza kwa rangi hafifu ni wagonjwa wenye vimelea vichache, wale wa kimelea 1 hadi 19 katika nyanja 40 (maeneo unayoyaona kwenye lensi) kwa ukuzaji wa mara 400. Na tulihamia LED kwa ajili yao hasa: Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2011, na hadubini ya mng'ao kwa wastani hunasa asilimia 10 zaidi ya Ziehl-Neelsen, njia ya zamani ya kupaka rangi isiyong'aa. Tukiwazima kwa pamanganeti, faida hiyo yote imepotea.

Kwa hiyo tumia saa ya dakika, usikisie: auramini dakika 20, asidi-alkoholi ya asilimia 0.5 dakika 3, pamanganeti ya asilimia 0.5 dakika 1, isipokuwa mwongozo wa maabara yako unasema vingine. Auramini usiichemshe, na chupa yake iwe ya rangi ya kahawia. Osha kwa maji yaliyotoneshwa ukiyapata, maana klorini ya bomba inaweza kuharibu mng'ao. Slaidi zilizokwisha pakwa zifunike zisipigwe na mwanga, uzisome siku hiyohiyo. Ukifanya yote hayo na udhibiti bado ukawa hafifu, tengeneza auramini mpya kabla ya kuilaumu taa.

Slaidi za zamani ulizohifadhi hazijaharibika. Zipake tena kuanzia auramini, hakuna haja ya kuziondolea rangi ya kwanza, kisha uzisome upya. Anza na za wagonjwa ambao majibu yao hayakuonyesha vimelea na bado wanakohoa.