Dada wa Makete, hiyo dawa ya kuongeza uchungu usiinywe!

Nimesoma swali lako mara mbili, mikono inatetemeka. Umeuliza vitu vya kubeba ukienda kujifungua; hayo siku nyingine. Kwanza hicho kikombe anachokuandalia mama mkwe "ili mtoto ageuke haraka": usikinywe.

Mkunga kakwambia kichwa kiko chini ila kisogo kimeelekea mgongoni kwako. Hilo lisikutishe, wengi hujigeuza wenyewe uchungu ukikolea. Ila uchungu huwa mrefu, mgongo unauma kuliko tumbo, na hamu ya kusukuma inakuja njia ya uzazi haijafunguka sentimita 10. Hapo ndipo wenye dawa wanapokupata, maana umechoka, unataka yaishe.

Mimi walinipatia hapo hapo, kijijini kwetu Rungwe, mimba ya pili. Jirani anayejiita mkunga mpaka leo alininywesha maji ya mizizi, machungu, yana povu juu. Uchungu ukaja mfululizo, hauachii hata nafasi ya kupumua, na mtoto hashuki. Tumbo likajikata usawa wa kitovu kama limefungwa kamba. Kisha uchungu ukakata ghafla. Yule mama akasema, "Mnaona? Dawa imemtuliza." Imemtuliza! Kizazi kilikuwa kimeshapasuka. Mvua, utelezi, gari la kusukuma. Tunafika hospitali mtoto hayupo tena, na kizazi wakakitoa kuokoa uhai wangu. Na bado anazunguka na chupa yake kwa wajawazito wa watu!

Dawa ile haigeuzi kichwa. Inakaza kizazi tu, na kichwa kilichokaa vibaya kinaendelea kugandamizwa kwenye nyonga. Usiniambie hata hospitali wanaongeza uchungu. Wao wanaongeza kwa dripu, tone kwa tone, wakisikiliza moyo wa mtoto, na mambo yakibadilika wanafunga. Kikombe ulichokimeza utakifungaje?

Tena kuna watoto wanaotanguliza uso, kidevu kikiwa kimeelekea nyuma, au paji la uso. Mtoto aliyetimiza miezi akibaki hivyo hapiti, ni upasuaji. Nyumbani nani atajua?

Zahanati hawapasui. Wiki hii hii hamia kwa ndugu aliye karibu na hospitali ya wilaya, au uulize kama wana nyumba ya kusubiria wajawazito. Mama mkwe akinuna, msomee haya yote.