Tenda za wazawa: mkandarasi wa daraja la saba ananufaikaje huku Mtwara?

Mkuu umeuliza kama kipaumbele cha wazawa kitakusaidia kupata hiyo tenda ya zahanati huko Masasi na wewe ni daraja la saba, yaani la chini kabisa kwenye usajili wa makandarasi. Mimi nimejenga madarasa ya serikali Tandahimba, nakujibu kwa niliyopitia.

Kwanza elewa mzawa kwenye sheria ya manunuzi ya 2023 ni Mtanzania, sio mtu wa Mtwara. Ukomo wa kazi za ujenzi zinazotengwa kwa makandarasi wa ndani tu umepanda toka bilioni 10 hadi bilioni 50, hilo nalipongeza kabisa. Ila kazi ndogo kama zahanati si rahisi kampuni ya nje iigombee, utakutana na jamaa wa Dar mwenye mtaji na benki inayomjua.

Na kushinda sio mwisho. Mimi nilisaini mkataba Aprili 2024. Saruji haikunisumbua, Dangote si ipo hapa hapa, ila nondo na bati nilinunua Dar, Mei mvua zikakata barabara kule Somanga lori likakwama ng'ambo, mafundi wamekaa saiti wanakula hela yangu hakuna wanachofunga. Kazi ikasogea mpaka Oktoba, na Oktoba huku unaijua, korosho, vibarua wanakimbilia huko! Asubuhi moja nafika saiti nakuta vibarua wawili tu kati ya kumi na moja, zege limeshapangwa siku hiyo, nikashika koleo mwenyewe na mwanangu.

Sertifiketi, ile hati ya kudai malipo ya kazi iliyofanyika, nilipeleka Novemba, hela ikaingia Machi. Miezi minne mwenye duka la vifaa anapiga simu kila siku, nikauza kiwanja changu cha Mangamba nimlipe. Hapo ndipo wazawa tunapofia, tenda unapewa halafu malipo yanakumaliza. Serikali ikitaka kutuinua kweli ilipe kwa wakati, inauma sana kuuza kiwanja wakati darasa watoto wameshaanza kusomea.

Ushauri wangu, nenda CRB, bodi ya usajili wa makandarasi, uulizie mfuko wao wa kusaidia makandarasi wadogo, wanadhamini dhamana ya zabuni na ya malipo ya awali, mimi nilichelewa kuujua. Kwenye NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni, usishushe bei ili ushinde tu, piga BOQ (mchanganuo wa kazi na bei zake) na nauli ya lori toka Dar ndani. Na kama kazi itaangukia Oktoba ongea na vibarua mapema, mkubaliane hela kabla minada ya korosho haijaanza.